Kompyuta inasema 866, spidi testi inasema 31, nani muongo hapa?

Kwenye grupu la WhatsApp la jengo letu wiki iliyopita kulichafuka, na lazima nikiri kwamba skrinshoti iliyoanzisha yote ilikuwa yangu. Nilipima intaneti saa tatu usiku, spidi testi ikanipa 31, na mimi nalipia kifurushi cha 50. Nikairusha grupuni na maneno mawili matatu ya hasira. Jirani wa juu akajibu kwa picha ya kompyuta yake, pale kwenye mipangilio ya waifai pameandikwa 866, akauliza sasa hii 866 ni ya nani na imeenda wapi. Mwingine akaleta picha ya faili analodaunlodi, linasoma 3.6. Basi, ikawa tunaibiwa, tunaibiwa mchana kweupe, na mtu akaanza kukusanya majina ya kuandika barua.

Barua haikuandikwa, maana usiku ule nilikaa nikazitazama zile namba vizuri, nikagundua kitu cha kuudhi kidogo: zote ni za kweli. 50 ni kweli, 866 ni kweli, 31 ni kweli, 3.6 ni kweli. Kila moja inapima kipande tofauti cha barabara, au inapima kitu kilekile kwa kibaba tofauti, na sisi tunazishindanisha kama vile zinatoka mzani mmoja.

Tuanze na hiyo 3.6 maana ndiyo nyepesi kuliko zote na ndiyo inayogombanisha watu wengi. Mtoa huduma anauza intaneti kwa biti. Akiandika Mbps, hiyo b ndogo ni biti, yaani megabiti ngapi zinapita kwa sekunde moja. Programu ya kudaunlodi, na ukubwa wa faili kwenye simu yako, vinahesabiwa kwa baiti, B kubwa, MB. Baiti moja ni biti 8. Bibi zetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vinaingia kwenye pishi moja, na hakuna aliyemwita muuzaji mwizi kwa sababu vibaba kumi na viwili vimegeuka pishi tatu. Hapa pishi lina vibaba nane, tofauti ni hiyo tu. Chukua 31 gawa kwa 8 unapata 3.9 hivi, kwa hiyo yule mwenye 3.6 na mimi mwenye 31 tulikuwa tunaongea kitu kilekile karibu kabisa, tukatukanana bure.

Kuna wanaosema hizi biti ni janja ya makampuni ili namba ionekane kubwa. Sidhani kama hawaifurahii, namba kubwa inauza, lakini hawakuibuni wao. Waya za mawasiliano zimepimwa kwa biti tangu zamani, hata zile modemu za kupiga simu zilizokuwa zinalia kama paka aliyekanyagwa mkia zilikuwa za kilobiti 56. Cha muhimu kwako ni hesabu: kifurushi cha 10 kinakupa kama MB 1.25 kwa sekunde kikiwa kimenyooka, kwa hiyo filamu ya GB 1 ni dakika 13 na ushee. Kifurushi cha 50, filamu hiyohiyo, chini ya dakika tatu.

Sasa 866. Hii ndiyo iliyomchanganya jirani wa juu na simlaumu, maana kompyuta imeandika kwa kujiamini kabisa. Lakini hiyo namba haina habari yoyote na mtoa huduma wako. Ni makubaliano kati ya kompyuta na ruta iliyoko sebuleni, wamesikilizana kwamba kwa hali ya mawimbi iliyopo, kwa antena mbili walizonazo na upana wa masafa wanaotumia, wanaweza kurushiana hadi 866. Ni kama umejenga barabara ya njia sita kutoka sebuleni mpaka getini. Nzuri sana, hongera, ila nje ya geti kuna njia ya vumbi ya 50. Unaweza hata kung'oa waya wa faiba kabisa, ukabaki huna intaneti, na kompyuta itaendelea kukuandikia 866 bila aibu.

Na hata ndani ya nyumba hiyo 866 haifikiwi. Waifai ni hewa moja, kwenye masafa yale anaongea mmoja kwa wakati, wengine wanasubiri. Fikiria kikao cha harusi. Mwenyekiti anatoa nafasi, mmoja akimaliza wengine wananyamaza kidogo, halafu anaruhusiwa mwingine, na kila mchango lazima katibu aseme nimepokea. Muda mwingi unaliwa na zile taratibu, si michango yenyewe, ndiyo maana kwenye waifai ukipata nusu ya kilichoandikwa au zaidi kidogo umepata vizuri. Halafu kwenye kila kikao kuna mjomba anayeongea polepole. Huyo ni ile simu ya zamani iliyopo chumba cha mwisho, inashika masafa ya 2.4 (GHz) tu, antena moja, ikijitahidi sana makubaliano yake ni 72 na ikiwa mbali inashuka mpaka chini huko. Ikipewa nafasi inatumia muda mrefu kusema kitu kidogo, na nyie wote mlioko kwenye masafa yaleyale, hata wenye simu mpya, mnamsubiri mjomba amalize. Watu wengi hawajui hili, wanadhani simu ikiwa na kasi ndogo inajiumiza yenyewe tu.

Hayo masafa ya 2.4 yana balaa lake lingine. Yanapita ukutani vizuri kuliko yale ya 5, lakini yamejaa, chaneli zisizogongana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, na kwenye jengo la ghorofa kama letu kuna ruta kama thelathini zinagombania hizo tatu, ongeza na maikrowevu ya jirani inayofanya kazi kwenye masafa yaleyale. Ya 5 ina nafasi, ila ukuta wa zege wenye nondo unaimaliza. Na sisi tulivyo, ruta tunaificha ndani ya kabati la TV, nyuma ya sahani za wageni, kisha tunalalamika.

Haya, tuje kwenye kitu ambacho hata mafundi wengi huwa wanakiruka. Tuseme umeachana na waifai, umechomeka waya, kila kitu kiko sawa, unalipia 100 na unapata 94 au 95. Zile 5 ziko wapi?

Ziko kwenye matenga. Fuso likipakia nyanya Ilula kuja Dar, likipanda kwenye mzani pale Vigwaza, mzani hausomi nyanya peke yake, unasoma nyanya, matenga, nyasi za kufunikia, na turubai. Mteja wa sokoni yeye anahesabu nyanya. Data nayo haisafiri uchi, inakatwakatwa vipande vinaitwa pakiti, kwa kawaida baiti 1500 kila kimoja, na ndani ya hizo baiti 40 ni maandishi ya inatoka wapi, inaenda wapi na ni kipande cha ngapi. Kwenye waya zinaongezeka kama 38 nyingine za kufungia pakiti na kuacha nafasi kati ya moja na nyingine. Kwa hiyo kwa kila baiti 1538 zinazopita kwenye waya, mzigo wako halisi ni 1460. Piga hesabu, ni kama asilimia 95. Waya unapitisha 100 kweli, spidi testi inahesabu nyanya tu. Wakati wa intaneti ya DSL, ile ya waya wa simu ya mezani iliyokuja baada ya modemu za kupiga simu, matenga yalikuwa mazito zaidi, data ilikatwa vipande vya baiti 53 na 5 kati ya hizo ni lebo, ndiyo maana modemu ilionyesha namba moja na kipimo kikaonyesha ndogo zaidi. Wapo watoa huduma wanaoachia kidogo zaidi ya walichouza ili ukipima uone namba kamili, wapo wasioachia, na hiyo peke yake inaweza kufanya majirani wawili wenye kifurushi kimoja kwa makampuni mawili wapate majibu tofauti.

Mpaka hapa bado hatujafika kwenye kiini cha ugomvi, maana 50 ikitoa asilimia 95 ni 47.5, mimi nilipata 31.

Hapa inabidi kujua spidi testi yenyewe inafanya nini. Ukibonyeza kile kitufe, ile ya Ookla ambayo ipo tangu 2006 na ndiyo wengi tunayoitumia, kwanza inatafuta seva, yaani kompyuta ya kutolea data, iliyo karibu inayojibu haraka. Halafu inafungua njia kadhaa kwa mpigo, inavuta data kwa nguvu zote sekunde kumi na kitu, inahesabu, kisha inageuza inapandisha. Seva hizo nyingi zimewekwa na makampuni ya intaneti yenyewe, na mara nyingi ile unayopangiwa ni ya kampuni yako au ya jirani yake, hapohapo mjini. Kwa hiyo umemtuma mtoto dukani kwa Mangi, kona ya pili, karudi dakika mbili, ukasema mtoto ana mbio. Ana mbio ndiyo, kwa Mangi. Ila mzigo unaoutaka wewe uko Guangzhou.

Hii ndiyo sababu ya lile jambo linalowachosha watu: spidi testi inasoma 48 safi kabisa na video bado kaduara kanazunguka. Kipimo kimepima kutoka kwako mpaka Mangi. YouTube na Netflix huwa wana seva zenye nakala za video walizoweka karibu na watu, kwenye makampuni ya intaneti au sehemu makampuni yanapokutana kubadilishana data, kama TIX ya hapa Dar au KIXP ya Nairobi, kwa hiyo hizo mara nyingi zinakuja vizuri. Lakini tovuti ya chuo cha Uingereza, mfumo wa ofisi uliowekwa kwenye seva ya Ulaya, hivyo vinapita kwenye nyaya za baharini na kurudi. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, inaonekana kasi ya ajabu, lakini Dar mpaka London kwa nyaya ni zaidi ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi umeshatumia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla hujahesabu foleni yoyote. Na data nyingi hazitumwi zote kwa mkupuo, anayetuma anatuma kidogo, anasubiri aambiwe imefika, anaongeza, anasubiri tena. Kila kusubiri ni safari ya London kwenda na kurudi. Bomba lako linaweza kuwa pana na bado likapitisha maji kidogo kwa sababu ya huko kusubiriana.

Wanaokumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 wataelewa haraka. Nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kule chini upande wa Afrika Kusini, na huku Tanzania intaneti ikawa inatambaa, pengine haipo kabisa. Faiba ya mtaani kwako haikuwa imeguswa siku ile, ruta ilikuwa inawaka kijani, waifai imejaa. Kipande kilichokufa kilikuwa baharini, na hakuna namba kwenye ruta yako inayoweza kukuambia hilo.

Ndiyo maana pia vipimo viwili vinaweza kukupa majibu mawili ndani ya dakika moja na vyote vikawa sahihi. Fast.com, iliyotolewa na Netflix mwaka 2016, inavuta kutoka kwenye seva zao wenyewe za video, kwa hiyo mtoa huduma akiwa ameibana Netflix itaonekana hapo hata kama kwa Ookla unapaa. Kile kipimo kinachotokea ukitafuta kwenye Google ni cha M-Lab, mradi wa kupima intaneti, hicho hakifungui njia nyingi kwa mpigo, ni moja, kwa hiyo kinaumbuka haraka kwenye njia ndefu au yenye msongamano, na mara nyingi kitakupa namba ndogo. Mmoja ametuma vijana wanane na matoroli, mwingine ametuma mmoja. Ukitaka kushinda mabishano chagua kinachokufaa, ukitaka ukweli pima kwa vyote.

Sasa foleni, na hapa ndipo nakuwa mkali kidogo. Faiba nyingi za majumbani hazikujii peke yako kutoka kwenye kampuni. Inakuja moja, inafika kwenye kiboksi cha mtaani, inagawanywa nyumba 32 au 64. Teknolojia iliyozoeleka inapitisha kama megabiti 2,488 kushuka kwa wote kwa pamoja. Nyumba 64 zote zikiwa na kifurushi cha 50 jumla ni 3,200. Haitoshi, na hawajakosea, wamekusudia. Ni bafu la nyumba ya kupanga, vyumba kumi bafu moja, na mambo yanakwenda kwa sababu hamuogi wote dakika ileile. Saa nne asubuhi unaingia na kuimba. Saa kumi na mbili alfajiri unasimama na ndoo. Kwa intaneti hiyo saa kumi na mbili ni saa mbili mpaka saa nne usiku, watu wamerudi, kila nyumba ina TV moja na simu nne. Na huo mgawanyo wa mtaani mara nyingi si ndio mbaya, unaobana zaidi ni huko juu, kampuni imenunua njia kiasi gani ya kutoka nje na inawagawia wateja wangapi. Hilo halimo kwenye tangazo.

Kwenye tangazo kuna neno dogo, "hadi". Hadi Mbps 50. Hadi haina sakafu, hata 4 iko ndani ya hadi 50. Ndugu zetu walioko Uingereza walikuwa na shida hiyohiyo, zamani kampuni iliruhusiwa kutangaza "hadi" fulani ilimradi asilimia 10 tu ya wateja wanaipata. Kuanzia tarehe 23 Mei 2018 wakabanwa, kasi ya kwenye tangazo lazima iwe ya wastani ambayo angalau nusu ya wateja wanaipata saa za msongamano, saa mbili mpaka saa nne usiku. Namba za kwenye matangazo zikashuka. Mimi ningependa sana kuona kitu cha namna hiyo huku, maana kasi iliyopimwa asubuhi ya Jumapili hata mimi naweza kuiuza.

Wa bando za simu, mambo ni yaleyale ila na ladha zaidi. Vijiti vinne vya mtandao vinakuambia unausikia mnara vizuri, havikuambii mnara unahudumia watu wangapi. Uwanja wa Mkapa siku ya watani wa jadi una vijiti vyote na picha haiendi. Halafu tafadhali, spidi testi inakula bando. Ukiwa na 4G ya 50, sekunde kumi na tano za kushusha tu ni kama MB 94, na bado haijapandisha. Kuna watu wanapima mara kumi kwa siku kisha wanauliza bando linaenda wapi.

Ukitaka kujua kama unapunjwa kweli, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, zima waifai, waambie wa nyumbani waache simu dakika tano (hii ndiyo ngumu kuliko yote), zima VPN kama unayo, pima. Pima asubuhi, pima saa tatu usiku, chagua seva ya hapa halafu chagua ya nchi nyingine, fanya siku kadhaa, hifadhi skrinshoti. Kwa waya ukiwa karibu na asilimia 95 asubuhi na usiku, mtoa huduma yuko sawa, tatizo ni la ndani. Ukiwa sawa asubuhi na chini sana kila usiku, hiyo ndiyo kesi yako na hapo wapigie kwa ujasiri. Ukiwa chini muda wote hata kwa waya, ita fundi, inaweza kuwa faiba imekunjwa au kichwa kimeingia vumbi.

Nilifanya hivyo. Kwa waya nikapata 47 asubuhi, 45 usiku. Ile 31 yangu ilikuwa ni kabati la TV na sahani za wageni. Nimeirudia grupuni kwa aibu, watu wamenicheka, sawa.

Ila kulikuwa na mzee wa ghorofa ya tatu ambaye yeye analipia 200 na siku zote, asubuhi, usiku, kwa waya, anapata 94. Haishuki haipandi. Namba ikiganda hivyo kwenye 94 huhitaji hata kuuliza, ni waya au tundu la ruta linaloishia 100, matenga yakitoka inabaki hiyo. Waya wake ulikuwa na nyuzi mbili zimekatika karibu na kichwa, na waya wa namna hiyo haugomi kufanya kazi, unashuka kimyakimya. Akatuma kijana Kariakoo kununua mwingine, jioni akarusha picha, 189. Chini yake ameandika, "Kijana, na hizo 11 zilizobaki ziko wapi?"

Nikamjibu, shikamoo mzee, hizo ni matenga.